Nyumba Moja, Miji Mitano

Saa kumi na moja za alfajiri, katika kijiji cha Wasomali cha Base Camp, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mama wa nyumba huinuka, hutawadha, na kabla hajawasha moto hufanya mambo mawili. Hufunua sufuria kutazama kama mchanganyiko wa anjero aliouacha tangu jioni umeumuka. Kisha hutazama simu. Mara nyingi sufuria imejaa mapovu na simu imejaa sauti.

Wakati huo mjini Minneapolis, Marekani, ni saa mbili au saa tatu za usiku wa jana yake, kwa kutegemea majira ya mwaka. Mwana aliyeko huko ndiyo kwanza ametoka kazini na kuvua viatu. Hakupiga simu, kwa kuwa ajua mama amelala. Alisema peke yake kwa dakika tatu au nne, akatuma, akaenda kula. Mama humsikiliza huku akibandika kikaango cha mviringo juu ya jiko la makaa. Humimina upawa mmoja katikati, akauzungusha kwa mgongo wa upawa kutoka ndani kwenda nje hata ukawa duara ndani ya duara, akafunika. Anjero haigeuzwi. Huiva upande mmoja tu, na upande wa juu ukabaki na vitundu vitundu kama sega la nyuki. Ikisha kuiva hupakwa mafuta ya ufuta na kunyunyiziwa sukari kidogo, ikaliwa kwa chai ya maziwa yenye iliki na mdalasini. Kabla anjero ya nne haijaepuliwa, mama amekwisha kupata habari za Minneapolis, za Mogadishu, na za Nairobi katika mtaa wa Eastleigh. Habari za Mbarara zitamfikia kabla watoto hawajaenda shule.

Ukihesabu mikeka ya kulalia katika nyumba ya namna hii utapata watu wanne. Ukihesabu sauti utapata ishirini.

Ichukuliwe nyumba moja kuwa mfano, kwa kuwa ziko nyingi zinazofanana nayo na hapana haja ya kumtaja mtu kwa jina. Mama yuko Base Camp na watoto watatu wadogo. Binti yake mkubwa amepanga chumba Ruti, mjini Mbarara, naye huuza madera, mitandio na manukato. Mwana wa kiume yuko Minneapolis. Shangazi wa watoto amebaki Mogadishu. Mama mdogo anakaa Eastleigh. Hiyo ndiyo miji mitano, nayo Nakivale isidharauliwe katika hesabu, kwani wakazi wake ni zaidi ya laki moja na nusu, na wilaya nyingi hazina mji wa kulingana nayo.

Msomaji wa Kiswahili hatapata taabu kuuelewa ukoo huu. Wasomali, kama Waswahili, hawamwiti kila mkubwa kwa neno moja. Dada wa baba ni eeddo na dada wa mama ni habaryar, neno ambalo ukilifumua maana yake ni mama mdogo hasa. Ndugu wa baba ni adeer, na ndugu wa mama ni abti. Mama huitwa hooyo, na la ajabu ni kwamba mama naye humwita mtoto wake hooyo, hivyo neno huenda na kurudi kama mpira. Katika sauti zinazopita usiku kati ya Nakivale na Minneapolis, hilo ndilo neno la kwanza la kila ujumbe, na mgeni asiyejua Kisomali hawezi kutambua kwa neno hilo peke yake ni nani mzazi na ni nani mwana.

RUTI, NG'AMBO YA RWIZI

Anayetoka katikati ya mji wa Mbarara akavuka mto Rwizi, akaifuata barabara kuu iendayo Ntungamo na Kabale, atafika Ruti. Ni mahali pa watu wa kazi. Magari makubwa ya mizigo yaendayo Rwanda na Kongo hupita hapo mchana na usiku, na dereva wa masafa marefu, awe ametoka Mombasa au Kampala, huagiza chakula chake kwa Kiswahili. Kutoka Mbarara hadi Nakivale ni mwendo wa kilomita zipatazo 60. Mfanyabiashara wa Kisomali aweza kuagana na mama yake asubuhi na mchana akawa amekwisha kupanga bidhaa zake mjini.

Sheria ya Uganda ya wakimbizi ya mwaka 2006 ndiyo iliyomwezesha binti huyu kukaa mjini. Inampa mkimbizi haki ya kutembea nchini na ya kufanya kazi, jambo ambalo katika nchi nyingi za dunia ni ndoto. Lakini anayeamua kuondoka katika makazi huacha nyuma chakula cha msaada na kipande chake cha ardhi, akajitegemea kwa kodi ya chumba, maji na umeme. Wasomali wengi wa Nakivale hawakuwa wakulima tangu mwanzo. Wakongo, Warundi na Wanyarwanda hulima mahindi na maharagwe, na Wasomali huyauza, pamoja na sukari, tambi, nguo na muda wa maongezi wa simu. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Oxford waliotoa taarifa yao mwaka 2014 kuhusu uchumi wa wakimbizi nchini Uganda walikuta Nakivale imefungamana na masoko ya mbali kuliko watu walivyodhani. Mjini Kampala walikuta kwamba katika kila wakimbizi watano, mmoja ana biashara iliyoajiri mtu mwingine, na kwamba asilimia 40 ya walioajiriwa hivyo ni raia wa Uganda.

Wateja wa binti wa Ruti ni wa kila namna, na miongoni mwao wamo wake wa askari. Mbarara ni mji wa jeshi. Hapo Makenke ndipo yalipo makao makuu ya Divisheni ya Pili. Na tangu Machi 2007, askari wa Uganda walipotua Mogadishu wakiwa wa kwanza katika jeshi la Umoja wa Afrika, pamekuwa na jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Mganda amekwenda kulinda barabara za mji ambao Msomali wa Nakivale aliukimbia. Huyu anajua uwanja wa ndege wa Mogadishu kwa zamu za usiku, na yule anaujua kwa siku ya kuagana.

Askari aliyerudi hapendi kuficha kwamba amejifunza lugha ya watu.

"Nabad, abaayo," husema, akiegemea meza ya manukato.

"Nabad, Afande. Iska warran?" hujibu binti, akitabasamu.

Aghalabu hapo ndipo Kisomali cha Afande kinapokwisha, na mazungumzo yakaendelea kwa Kiswahili. Wasomali wengi waliopitia Kenya wanakijua. Tena wako watu wa Barawa, mji wa pwani ya Somalia, ambao lugha yao ya nyumbani, Chimwini, ni tawi la Kiswahili chenyewe. Kwa hiyo katika duka la Ruti yaweza kutokea kwamba mkimbizi ndiye anayemsahihisha mwenyeji ngeli.

Mke wa askari anapokuja peke yake mazungumzo huwa mengine.

"Bwana amepiga, dada?"

"Bado. Tangu Jumapili."

"Huko mtandao hukatika. Hata shangazi yangu yu kimya tangu jana."

"Basi tungoje."

Hawasemi zaidi ya hapo, na si lazima. Wote wawili wanalala na simu chini ya mto.

KASETI, REDIO NA SIMU YA UPEPO

Wako wanaodhani kwamba Wasomali walianza kutumiana sauti baada ya kununua simu za kisasa. Kwa kweli simu imeikuta desturi ikiwa tayari. Somalia ni nchi ya watu wanaohama na mifugo, nchi ambayo shairi lilikuwa gazeti, hati ya mashtaka na barua ya mapenzi kwa pamoja. Lugha yake ilipata maandishi rasmi ya herufi za Kilatini mwaka 1972 tu. Kabla ya hapo, na hata baada yake, jambo zito lilisemwa. Idhaa ya Kisomali ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, ilikuwa na wasikilizaji hata katika malisho ya ngamia.

Kisha ikaja kaseti. Mwishoni mwa mwaka 1979 mshairi Mohamed Hashi Dhamac, aliyejulikana zaidi kwa jina la Gaarriye, alitunga shairi la kuulaumu ukabila. Mshairi Hadraawi akamjibu, na wengine wakaingia, hata washairi zaidi ya hamsini wakawa wamejiunga katika majibizano hayo yaliyoitwa Deelley, kwa sababu kila mshororo ulipaswa kuwa na neno lianzalo kwa sauti ya D. Hayakuenezwa kwa vitabu. Yalirekodiwa katika kaseti, kaseti zikanakiliwa, zikasafiri ndani ya mabasi na mifuko ya mabaharia hadi nchi za Ghuba, na huko nako zikanakiliwa. Msomaji aliyezoea kurasa za mashairi katika magazeti ya Kiswahili, ambamo malenga wa Tanga humtupia fumbo malenga wa Lamu na kumsubiri wiki mbili, atatambua mchezo huo mara moja. Tofauti ni kwamba Wasomali waliucheza kwa sauti.

Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, kaseti hazikutosha tena. Watu walipotezana usiku mmoja. Katika miaka hiyo Shirika la Kimataifa la Msalaba Mwekundu lilishirikiana na BBC kusoma hewani majina ya waliokuwa wakitafutwa na jamaa zao. Familia nzima ilikaa kimya mbele ya redio ikingoja jina moja katika majina mengi. Katika makambi ya Kenya palikuwa na vibanda vya taar, ambayo askari wataitambua upesi, kwa kuwa si kitu kingine bali simu ya upepo. Mtu alilipa, akaitiwa jamaa yake upande wa pili, akasema mbele ya foleni yote yaliyomo moyoni, huku kila mwenye mtambo wa kunasa mawimbi hayo akiweza kusikiliza. Siri haikuwepo. Hata hivyo ndoa zilifungwa kwa njia hiyo, na misiba ikatangazwa.

Nakivale ilikuwapo kabla ya hayo yote. Ilianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, ikapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao. Iko kando ya ziwa lenye jina hilo hilo, katika eneo linalofika kilomita za mraba 185 hivi, na tangu mwaka 2005 imo katika wilaya ya Isingiro, iliyomegwa kutoka Mbarara. Wasomali walianza kufika miaka ya 1990, wengine wakitoka moja kwa moja kwao na wengine wakiwa wamechoshwa na makambi ya jangwani Kenya. Walikuta milima ya kijani, ndizi kila upande, na ng'ombe wenye pembe ndefu kama matanga. Maziwa ya ngamia waliyaacha nyuma. Lakini desturi yao ya kula wali na ndizi mbivu katika sahani moja, ambayo wageni huishangaa, haikupata taabu hata kidogo katika nchi ya Ankole.

Wala simu nayo haikuwa rahisi kama inavyoonekana leo. Mwaka 2017 Uganda ilipokaza masharti ya kusajili laini kwa ajili ya usalama, kilichotakiwa kwa raia ni kitambulisho cha taifa na kwa mgeni pasipoti. Mkimbizi mara nyingi hana hata kimoja. Wengi wakawa wanatumia laini zilizosajiliwa kwa jina la jirani au la dereva, na jirani akihama na laini yake, nyumba ilizimika. Agosti 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda ikaruhusu hati zitolewazo kwa wakimbizi na Ofisi ya Waziri Mkuu zitumike kusajili laini. Kwa polisi pia hilo lilikuwa jambo la heri, kwa maana laini yenye jina la mwenyewe ndiyo inayoweza kufuatiliwa inapotumika vibaya.

MKOBA WA UKOO

Sauti haiji mikono mitupu. Mara nyingi inafuatana na fedha, au inafuatana na ombi la fedha, na kazi ya mama wa Base Camp ni kujua ipi ni ipi kabla ya kumaliza kusikiliza.

Wasomali walikuwa na hawala zamani kabla ya benki kuwajali. Mtu humpa wakala fedha London au Dubai, wakala humpigia mwenzake, na mwenzake humlipa jamaa siku ile ile. Kampuni ya Dahabshiil ilianza kazi hiyo mwaka 1970. Nyingine kubwa, Al-Barakaat, ilifungwa Novemba 2001 kwa amri ya Marekani baada ya mashambulio ya Septemba mwaka huo, na nyumba zisizokuwa na habari na siasa yoyote zikaamka hazina unga. Hata leo fedha zinazotumwa Somalia na watu wake walio nje hupita dola bilioni moja kwa mwaka. Nchini Uganda hatua ya mwisho hufanywa na pesa za simu, zilizoanza mwaka 2009. Fedha hufika Kampala, katika mtaa wa Kisenyi penye maduka ya Wasomali, na kutoka hapo zikaingia katika simu ya mama huko Isingiro. Mwaka 2018 serikali ilipoweka kodi ya asilimia moja juu ya pesa za simu, wakimbizi waliihisi kama raia walivyoihisi, na ilipopunguzwa hadi nusu ya asilimia kwa fedha zinazotolewa tu, walipumua pamoja nao.

Fedha hizo zimekuwa nzito zaidi katika miaka ya karibuni kwa sababu kibaba cha msaada kimepungua. Mwaka 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilikata asilimia 30 ya mgao wa wakimbizi nchini Uganda kwa kukosa fedha. Mwaka 2023 likawagawa wakimbizi katika madaraja kulingana na uhitaji wao, na wa daraja la juu wakaambiwa wajitegemee. Mwaka 2025 karibu wakimbizi milioni moja waliachwa nje ya mgao kabisa. Nyumba isiyokuwa na sauti ya mbali iliona tofauti katika sufuria juma lile lile.

Hapa ndipo inapofaa kutazama hesabu za wanawake. Wasomali wana mchezo wa upatu wauitao hagbad, au ayuuto, neno lililotoka kwa Waitaliano waliotawala kusini mwa Somalia na ambalo maana yake ni msaada. Wanawake kumi wakitoa shilingi 50,000 kila mmoja kwa wiki, kila wiki mmoja wao hupokea 500,000. Mwenye zamu haulizwi atafanyia nini. Wake wa askari na polisi wanaocheza upatu huo huo makambini hawahitaji maelezo zaidi, isipokuwa hili moja, kwamba siku hizi si lazima wachezaji wakae mtaa mmoja. Mmoja huweza kuwa Base Camp, wawili Ruti, watatu Kisenyi na waliobaki Eastleigh, wote wakaaminiana kwa sauti na kwa jina la ukoo.

Kando ya hagbad iko qaraan, nayo ni kitu kingine. Qaraan ni mchango wa dharura, kwa ugonjwa, msiba au kifungo. Haurudishwi wala hauna zamu. Jina la mtu husomwa na kiasi chake hutajwa, na asiyetoa hujulikana.

Yule binti wa Ruti zamu yake ya hagbad ilikuwa imekaribia. Alikuwa amekwisha kupanga: apande basi la Kampala, achukue madera ya Idi huko Kisenyi kwa bei ya jumla, awahi kabla wenzake hawajajaza meza zao. Siku mbili kabla ya zamu ikafika sauti kutoka Mogadishu. Shangazi anatakiwa kufanyiwa upasuaji. Mama hakumwambia binti yake atoe fedha. Alimpelekea tu sauti ya shangazi kama ilivyokuja, bila ya kuongeza neno, na katika sauti ile pumzi ilisikika zaidi kuliko maneno.

Ni mtindo wa kina mama wote, Wasomali kwa wasiokuwa Wasomali. Hawaagizi. Wanakuacha usikie.

Kaka wa Minneapolis akaahidi dola 150 na kueleza kwamba kazini saa zake zimepunguzwa. Maelezo hayo yalimchoma mama kuliko upungufu wa fedha, maana mwana huyo hakuwahi kueleza chochote tangu aondoke. Mama mdogo wa Eastleigh akatoa alichokuwa nacho. Binti akapokea 500,000 zake, akatoa 200,000, akabaki na 300,000 za kwendea sokoni. Sehemu iliyopungua aliikopa kwa bidhaa kutoka kwa mfanyabiashara wa Kisenyi ambaye hajawahi kumwona uso. Aliyemdhamini ni mjomba wake, kwa ujumbe wa sauti wa sekunde arobaini. Hakukuwa na hati wala rehani. Asipolipa, atakayedaiwa ni mjomba, na aibu itakuwa ya ukoo mzima.

Mwenye kusifu mpango huu asisahau gharama yake. Biashara inayomegwa kila mgonjwa anapopatikana haikui upesi. Wako vijana wa Kisomali walioko Ulaya na Marekani ambao hubadili namba ya simu, si kwa ubaya wa moyo, bali kwa sababu mshahara mmoja hauwezi kuwa baba wa watu thelathini. Wakibadili, wanapotea kweli. Namba hiyo ndiyo iliyokuwa mlango wao.

UPEPO NA UVUMI

Wasomali wana neno buufis. Asili yake ni kupuliza, kama vile mtu ajazavyo mpira upepo, na hutumiwa kwa mkimbizi ambaye hamu ya kuhamishiwa nchi ya mbali imemjaa hata haishi tena pale alipo. Hajengi nyumba ya tofali. Hataki kuanza duka. Ukimwuliza kwa nini, atasema faili lake liko njiani. Wako waliosema hivyo kwa miaka kumi na mitano. Picha za harusi za Minneapolis na sauti za kicheko kutoka London huongeza upepo huo kila usiku.

Januari 2017, na tena Januari 2025, Marekani ilisimamisha upokeaji wa wakimbizi, na Juni 2025 ikafunga mlango kwa raia wa Somalia pamoja na nchi nyingine kadhaa. Watu waliokwisha kupimwa afya na kuuza vitanda vyao walirudi kununua vitanda. Katika hali kama hiyo ndipo matapeli hustawi. Hupiga simu wakijifanya maofisa, wakadai fedha ili faili lisogee, au wakaomba namba ya siri ya simu. Jambo hili halina budi kusemwa wazi katika kila nyumba: huduma za wakimbizi, tangu kuandikishwa hadi kusafirishwa, hazilipiwi hata senti moja, na ofisa anayedai fedha anastahili kupelekwa polisi, awe na mhuri au asiwe nao.

Liko pia lile ambalo watu hulizungumza kwa sauti ya chini. Tarehe 11 Julai 2010, watu zaidi ya 70 waliuawa kwa mabomu mjini Kampala walipokuwa wakitazama mpira wa fainali ya Kombe la Dunia. Al-Shabaab walisema ni kisasi kwa ajili ya askari wa Uganda walioko Somalia. Tangu siku hiyo Msomali anayesema kwa simu ndani ya basi, kwa lugha isiyoeleweka na jirani, hutazamwa. Ni haki ya askari kuwa macho. Lakini askari aliyetumikia Mogadishu anajua jambo ambalo raia wa kawaida huenda hajalijua, kwamba waliouawa zaidi na watu hao ni Wasomali wenyewe. Tarehe 14 Oktoba 2017 lori lililojaa baruti lilipasuka katika njia panda ya Mogadishu na kuua zaidi ya watu 500. Siku hiyo hakuna simu ya Msomali iliyonyamaza, popote duniani alipokuwa.

Na Mei 26, 2023, kambi ya askari wa Uganda huko Buulo Mareer ilivamiwa alfajiri, na 54 wakapoteza maisha yao. Kabla majina hayajatolewa, uvumi ulikuwa umekwisha kutangulia katika simu. Makambini wanawake walikaa siku hizo wakiogopa simu ilie na wakiogopa isilie. Mke wa askari aliyepitia siku zile hahitaji kufundishwa maana ya ukimya wa Mogadishu, na binti wa Ruti hahitaji kumfafanulia kwa nini jana alifunga duka mapema.

Upasuaji wa shangazi ulifanyika siku ya Alhamisi. Ijumaa hapakuwa na habari, na Jumamosi hapakuwa na habari. Jumapili usiku, baada ya magari kupungua barabarani, binti aliketi juu ya kitanda chake Ruti, madera mapya yakiwa yamerundikwa hata dirishani, akabonyeza simu kumtumia mama yake sauti. Alisema biashara inakwenda, madera yamependwa, chumba hakina shida. Akasikiliza alichosema. Sauti ilikuwa imetetemeka penye neno la biashara. Akaifuta. Akanywa maji, akasema tena maneno yale yale kwa furaha zaidi, akayatuma.

Asubuhi, Base Camp, mama aliifungua sauti hiyo wakati wa anjero ya pili. Akaisikiliza hadi mwisho, akafunika kikaango, kisha akairudisha mwanzo akaisikiliza tena.